Mgongo wa Kadi

Asubuhi ile Bi Kuku alibakiwa na kazi moja tu, na ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote: kugonga migongo.

Asiyejua mambo ya kadi hudhani kadi ni uso wake. Uso una picha na rangi, sawa, na ndani ndiko mtu anakoandika yaliyo moyoni. Lakini nyuma, chini, katikati, huwa pana alama ndogo isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na alama hiyo ndiyo inayosema kadi imetoka mkononi mwa nani. Ya Bi Kuku ilikuwa kuku. Kuku jike, mkia juu, mguu mmoja mbele kama anayetaka kuvuka barabara na hana hakika. Alimchonga mwenyewe kwa wembe kutoka kwenye kisigino cha kandambili ya mumewe, wakati huo mume yu hai na kandambili bado nzima, na jambo hilo lilileta maneno ndani ya nyumba siku mbili. Tangu hapo kila kadi iliyotoka kwenye meza yake ilitoka na kuku mgongoni. Jina alilopewa na wazazi wake likafunikwa. Hata barua zilikuja zimeandikwa Bi Kuku, na zilifika.

Kadi za siku hiyo zilikuwa mia moja na arobaini, na zote za Mkunga.

Mkunga alikuwa na nyumba yake ya kuzalishia mtaa wa pili, vyumba vitatu na kibaraza kilichopigwa deki mpaka kinateleza. Alikuwa na mtindo aliouanzisha mwenyewe: mama hatoki pale na mtoto mikononi bila kadi ya pongezi, na ndani ya kadi Mkunga ameandika kwa kalamu uzito wa mtoto, saa aliyozaliwa, na neno moja juu ya tabia yake ya siku ya kwanza. "Msumbufu." "Mpole." "Ana njaa." Kina mama walizitunza kadi hizo pamoja na vyeti. Wengine walikuja kumzaa mtoto wa nne, na kabla hata ya kuonyeshwa kitanda wanauliza, ile kadi ya kuku bado ipo? Miaka ishirini na miwili Mkunga alikuwa mteja wa meza ile, na miaka yote hiyo alikagua kazi kwa namna moja. Alianzia nyuma. Anaigeuza kadi, anamtazama kuku, ndipo anaigeuza tena kuona mengine.

Safari hii picha ya mbele ilikuwa kofia ya sufi ya mtoto mchanga, na ilitoka kwa mihuri mitatu. Muhuri wa kwanza ni umbo zima la kofia, halina mistari, kwa wino wa samawati iliyofifia. Wa pili ni mistari ya kufuma, kwa samawati iliyokolea, nayo ikae juu ya lile umbo bila kutoka nje. Wa tatu ni kifundo cha sufi kinachokaa utosini, rangi ya chungwa, na hicho kikienda pembeni kwa unywele mmoja tu kofia inaonekana imepigwa kofi. Kila muhuri unapigwa kwanza kwenye gazeti, kwa sababu pigo la kwanza limelowa mno. La pili ndilo la kadi. Halafu wino wa chini uachwe ukauke kabisa kabla ya kuwekewa wa juu. Kazi hiyo haitaki nguvu. Inataka mkono uliotulia.

Na hapo ndipo palipolala siri ya nyumba ile. Mkono wa Bi Kuku ulikuwa hautulii tena. Ulianza mwaka juzi, wa kulia, kutikisika kidogo kama kifuniko cha sufuria maji yakikaribia kuchemka. Daktari alitoa dawa, dawa ikapunguza, haikumaliza. Tangu hapo aliyechonga, aliyegonga na aliyechagua rangi alikuwa mkaza mwanawe, mke wa mtoto wake wa pekee, yule fundi wa majokofu. Bi Kuku alipokea wateja, aliagiza karatasi, alikosoa. Na alijiwekea kazi moja ambayo hakumwachia mtu, ndiyo hiyo ya migongo. Kuku ni mdogo, ana rangi moja, hana mahali pa kukosewa. Hata mkono unaotikisika unaweza kumkandamiza na akakaa. Wateja hawakuambiwa kitu. Waambiwe ya nini? "Maadamu kuku yupo, na mimi nipo," alijisemea, na neno hilo lilitosha kumtoa kitandani kila asubuhi.

Basi akavuta kiti. Mkwe wake alikuwa ametoka kwenda duka la karatasi kuchukua bahasha, na mtoto wake kambeba mgongoni. Bi Kuku alifungua kibati cha wino wa hudhurungi akachukua kishikio chenye muhuri wake. Kilikuwa kipande cha mguu wa stuli, kinene, cha kujaa kiganjani, na ubavuni katikati seremala alikipigilia msumari mdogo. Kidole gumba kikikaa juu ya msumari, basi kuku amesimama wima. Hakuhitaji miwani kwa kazi hiyo. Miwani ilimtoa jasho puani, akaipandisha juu ya kichwa, akaanza.

Wino. Gazeti. Wino. Kadi. Anaisukuma kushoto, anavuta nyingine. Kila ifikapo ya kumi anapuliza pumzi ya mdomoni juu ya raba, haa, kama mtu anayesafisha kioo, ili wino uamke.

Nje ya dirisha, chini ya upenu, alikaa fundi cherehani, jirani wa miaka mingi, ambaye mdomo wake ulikwenda sambamba na mguu wake.

"Bi Kuku! Leo unataga mangapi?"

"Mia na arobaini."

"Lo! Na sijasikia kelele! Wangu akitaga moja tu mtaa mzima unajua."

"Huyo amefuata tabia ya mwenye nyumba. Wewe ukipachika kifungo kimoja tunasimuliwa mpaka jioni."

Fundi alicheka mpaka uzi ukakatika. "Haya, mama, nimenyamaza."

Hakunyamaza. Alimsimulia habari ya bwana mmoja aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, akapotea miezi minne, akaja kuichukua na tumbo limetangulia mlangoni, kisha akamgombeza fundi kwamba amepunguza kupita kiasi. Bi Kuku alicheka huku anagonga, akagonga huku anacheka, na kabla yule bwana hajaondoka na suruali yake kadi zilikuwa zimekwisha. Alizipanga ishirini ishirini, migongo juu, zipate hewa. Akaenda kunawa mikono.

Ndipo mkwe akaingia, kifurushi cha bahasha kwapani, mtoto mgongoni, na huyo mtoto mdomo umevimba tangu jana.

"Mama, nimezipata, ila nyeupe zimeisha, wamenipa za rangi ya maz—"

Akakoma hapo.

"Za maziwa zinafaa," Bi Kuku alisema akijifuta mikono kwenye kanga. "Zinakwenda na samawati."

Mkwe alikuwa ameinamia mafungu ya kadi.

"We mwanamke, umeona nyoka?"

"Mama," mkwe alisema kwa sauti ndogo, "umegonga kwa nini?"

"Kwa meno! Nimegonga kwa nini? Kwa muhuri."

"Upande gani?"

Tangu lini muhuri ukawa na pande? Bi Kuku aliishusha miwani kutoka kichwani, akainama juu ya fungu la kwanza.

Nyuma ya kadi hapakuwa na kuku. Palikuwa na konokono. Mdogo, nyumba yake ya mviringo mgongoni, pembe mbili mbele, na nyuma yake kistari chembamba cha utelezi. Akachukua kadi ya pili, konokono. Akachukua moja katikati ya fungu la tatu, kisha ya chini kabisa katika fungu la saba. Konokono yule yule, ametulia, wima, na wino umemkaa vizuri kuliko kuku alivyowahi kukaliwa na wino.

Alikichukua kishikio akakigeuza. Upande mmoja kuku wake, mkavu, hajagusa wino siku hiyo. Upande wa pili, pale ambapo pangepaswa kuwa mbao tupu, palibandikwa kipande cha kifutio cha shule kilicholowa hudhurungi. Na msumari, kwa kuwa ulikuwa katikati, ulikikubali kidole gumba vile vile hata kishikio kikiwa kichwa chini miguu juu. Angekuwa na mkono wake wa zamani angehisi raba kiganjani. Mkono huu ulikuwa na ganzi.

"Hiki nini?"

Mkwe alimteremsha mtoto sakafuni, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Ni wangu, Mama. Nilimchonga wiki iliyopita. Jana mchana nikasema nimjaribu kwenye gazeti, na vishikio vingine vyote vina kitu. Nikambandika hapo kidogo tu, nikimaliza nimtoe. Mara mtoto kaanguka pale kibarazani, kajipasua mdomo, nikatoka mbio. Nikasahau. Haki ya nani nilisahau."

"Konokono," alisema Bi Kuku.

"Si ndivyo unavyoniita?"

Ni kweli ndivyo alivyomwita. Tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, alipoona jinsi mkwe yule anavyochovya, anatazama, anapuliza, anatazama tena, ndipo agonge. Konokono wangu, kadi itaota ukungu. Konokono wangu, mtoto wa mteja atazaliwa mpaka aoe. Watu walicheka mezani, na mkwe mwenyewe alicheka, kwa hiyo Bi Kuku aliona ni utani umekaa mahali pake.

Sasa damu ilimpanda.

"Kwa hiyo unaona nachelewa kufa? Unanisaidia?"

"Mama!"

"Nijibu. Mbele zote nimekuachia. Kuchonga nimekuachia, rangi nimekuachia. Nimebaki na kidude kikubwa kama kunguni, nyuma ya kadi, mahali ambapo hata hapatazamwi. Na hapo napo umenifuata?"

"Sikutaka aende kwenye kadi za watu. Nilitaka kumwona tu."

"Kumwona ili iweje?"

Mkwe alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa ameshika mguu wa meza anajaribu kusimama.

"Ili nijue," alisema, "kama ningekuwa na wangu, angekuwa vipi."

Bi Kuku alikiweka kishikio mezani. Alitazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Mkunga alisema saa tano, na saa tano ya Mkunga ilikuwa na kawaida ya kufika mapema.

Wakaacha maneno wakashika kazi. Mkwe alichukua kadi moja, akaloweka kuku kwenye wino, akampiga juu ya konokono. Kikatokea kitu chenye mkia, pembe na miguu isiyo sawa, kama kuku aliyekanyagwa na baiskeli. Wakajaribu kukwangua kwa wembe. Karatasi ikaota manyoya. Wakajaribu kubandika kipande cha manila safi juu yake, na ingawa mkwe alikikata kwa rula na gundi haikuvuja, kiraka kilionekana kiraka, na kiraka humwambia mtu: hapa chini pamefichwa jambo. Kadi tatu zikafa hivyo.

"Zilizobaki mia na thelathini na saba," mkwe alisema. "Mama, mwombe arudi wiki ijayo, nizirudie zote."

"Kwa karatasi gani? Manila yote si umekwisha kuikata?"

Ni kweli. Rafu ilikuwa tupu.

Mkwe alizipanga kadi upya, polepole, kingo zake akizigonga mezani zikae sawa. Bila kuinua macho akasema, "Nitasema ni mimi niliyegonga migongo. Nitasema wewe hukuwepo."

Bi Kuku hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alichukua kitambaa chenye unyevu akaanza kumfuta kuku ambaye hakuwa na uchafu. Wote wawili walielewa maana ya kunyamaza kule.

Mkunga aliingia saa tano kasoro dakika kumi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miguu ya haraka, mikono ya gauni imekunjwa mpaka juu ya kiwiko, ananukia sabuni ya dawa.

"Hodi na nimeshaingia. Bi Kuku, mzima? Mwanangu, mzima? Huyu mdomo umefanyaje? Lete nione." Alimshika mtoto kidevu, akamfungua mdomo kwa kidole kama anayefungua mkoba. "Kidogo tu. Maji ya chumvi. Na anaota meno huyu, usiku mnalala? Haya, kadi zangu."

Aliketi, akavuta fungu la kwanza, akachukua kadi ya juu, akaigeuza.

Alitazama. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Huyu nani?"

"Ni kosa langu, mama," mkwe alisema kwa haraka, amesimama. "Nilikuwa najaribu muhuri mwingine, nikachanganya, nikagonga zote. Mama hakuwepo."

"Zote?"

"Zote."

Mkunga aliishusha kadi mezani taratibu, na alipokuwa taratibu ndipo alipokuwa mkali. "Mwanangu, unajua kina mama mia ngapi wananiuliza habari za kuku? Leo nikampe mzazi konokono? Atajua nimenunua kichochoroni. Mtu mzima amejenga jina lake kwa mkono wake miaka yote hiyo, wewe unakuja unalichezea kama mtoto kapewa chaki! Ungeuliza. Ulipungukiwa nini ukiuliza?"

"Nisamehe, mama."

Bi Kuku alikuwa anatazama kibati cha wino. Ilikuwa inakwenda kama ilivyopangwa. Mkunga atagomba, atapoa, Mkunga hupoa. Kadi atazichukua, na safari ijayo kuku atarudi mahali pake. Ilihitaji uvumilivu wa dakika tano tu.

Na pengine angezivumilia, lakini Mkunga aliigeuza kadi akaona uso.

"Ona sasa," akasema, na sauti ikalainika. "Ona kazi ya watu hii. Njoo hapa, njoo, usisimame huko kama mgeni." Alimvuta mkwe mkono akamwonyesha kwa ncha ya ukucha. "Unakiona hiki kifundo? Kimekaa pale pale. Nimezitazama ngapi sasa, tano, sita? Hakuna kilichokwenda pembeni. Na hii mistari haijatoka nje hata mmoja. Hii ndiyo kazi ya mama yako. Umri wote huo na mkono haujasogea. Badala ya kuchezea mihuri, kaa karibu naye, tazama anavyofanya. Jifunze."

"Ndiyo, mama," mkwe alisema.

Alisema "ndiyo" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekubali kuletewa maji. Hakumtazama Bi Kuku. Na ndiyo hiyo, yenye adabu zake zote, ndiyo iliyomchoma Bi Kuku kuliko konokono mia na arobaini. Alijua kofia ile ilichongwa mara nne. Ya kwanza ilikaa kama bakuli, ya pili kama kitunguu. Alijua vifundo vile vilipigwa kwa siku tatu, mkwe kauma ulimi pembeni ya mdomo, mtoto akilia anapokezwa huku na huku. Alijua kwa sababu yeye mwenyewe alikaa kando yake siku hizo tatu akisema, harakisha, konokono.

"Mkono huo si wangu," alisema.

Mkunga aligeuka. "Nini?"

"Nimesema mkono uliogonga hizo si wangu. Ni wake."

"Mama, acha," mkwe alinong'ona.

"Wewe acha. Nimekusikiliza, sasa nisikilize na mimi." Bi Kuku aliuweka mkono wake wa kulia juu ya meza, mahali peupe, kati ya mafungu ya kadi, akauacha. Ulitikisika. Ukucha wa kidole kidogo uligonga mbao, tik, tik, tik, na chumba kizima kikausikia. "Kuchonga ni yeye, rangi ni yeye, mbele yote ni yeye. Mimi nilikuwa nagonga mgongo. Na leo mgongo nimeugonga mimi, na muhuri nimeushika kichwa chini, na miwani iko utosini. Yeye hata hakuwa ndani ya nyumba, alikwenda kukuletea bahasha. Amekubali kutukanwa kwa ajili yangu, na mimi nikamwacha atukanwe."

Nje, cherehani ilikuwa imenyamaza. Fundi naye alikuwa na masikio.

Mkunga aliuchukua ule mkono, akaugeuza kiganja juu, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono kwa mazoea ya kazi.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Mwanzo wa mvua."

"Tangu mwaka juzi nimechukua kadi hapa mara tatu."

"Nne."

"Nne! Na mara zote nne unanigongea kuku."

"Kuku niligonga mimi kweli."

"Usinifanyie ujanja, Bi Kuku. Mimi nikiandika kwenye kadi kilo tatu na robo, ni kilo tatu na robo. Siandiki za mtoto wa jirani." Aliuachia mkono. Alikuwa amekasirika, na safari hii hakugomba. "Ungeniambia."

"Ningekuambia ungeendelea kuja?"

Mkunga alifikiri. Hakuwa mtu wa kumpaka mwenzake mafuta, akafikiri kweli, huku anazungusha kadi kati ya vidole.

"Sijui," akasema. "Pengine nisingekuja. Ningesema, yule mwenyewe ameishiwa nguvu, ngoja nitafute kwingine. Ningekosea, lakini ndivyo ningefanya."

"Basi ndiyo maana sikukuambia."

"Haya. Tumesemana." Alinyoosha mafungu kwa viganja vyote viwili. "Nazichukua. Nina wawili waliojifungua alfajiri, wanatoka leo mchana, na watoto hawangoji tupatane. Kina mama wakiuliza kuku yuko wapi nitajua la kuwajibu."

Kisha akafanya jambo ambalo Bi Kuku aliliona vizuri, ingawa Mkunga hakulifanya kwa ubaya. Alikiinua kiti chake kidogo, akakigeuza kumwelekea mkwe. Bega lake likabaki upande wa Bi Kuku.

"Wewe. Nataka nyingine mia mbili kwa miezi ijayo. Utanichongea nini?"

Mkwe alimtazama Bi Kuku. Ni mazoea ya miaka. Mteja akiuliza, mkwe anatazama, Bi Kuku anajibu.

"Usiniangalie mimi," Bi Kuku alisema. "Umeulizwa wewe."

"Nilikuwa na wazo la beseni," mkwe alisema, akianza polepole. "Beseni la kuogeshea, na taulo ukingoni, na mguu mmoja umetoka nje unarusha maji. Matone yawe na muhuri wake. Mihuri minne."

"Mguu unarusha maji. Nimeupenda huo, wanarusha kweli. Na nyuma?"

Hapo Bi Kuku alisikiliza kwa mwili mzima. Mtoto alikuwa amefika magotini mwake, ameshika kanga, na yeye akamshika kichwa ili awe na cha kushika.

Mkwe aligusa kadi iliyokuwa mbele yake. "Konokono," akasema.

Lilisemwa, likapita. Bi Kuku aligundua kwamba bado amekaa kwenye kiti chake, na mtoto bado anavuta kanga, na kwamba lililomuuma zaidi ni kuona pembe za konokono yule ziko nzuri, hakukuwa na cha kukosoa.

Mkunga alitoa kidaftari. "Konokono. Siku ngapi?"

Mkwe alihesabu kwa vidole, kukata manila, kuchonga minne, kukausha kati ya wino na wino. Alihesabu mara mbili.

"Siku kumi na nane."

"Kumi na nane! Mama yako alikuwa ananiambia kumi."

"Mama alikuwa anakuambia kumi," mkwe alisema, "na mimi nilikuwa silali."

Fundi cherehani alipasuka kicheko kule nje akasahau kwamba hayumo kwenye mazungumzo. Mkunga naye akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu aingie. Bi Kuku alitaka kukasirika. Aliutafuta ule ukali wake mahali unapokaa siku zote, akaukosa, akasikia mabega yake mwenyewe yanatikisika.

"Haya, kumi na nane," Mkunga alisema, kalamu juu ya karatasi.

"Andika ishirini," Bi Kuku alisema. "Mtoto anaota meno."